Pindo la Rangi: Historia ya Darubini ya Lenzi na Kioo cha Manjano

Utangulizi

Katika somo letu la tafsiri huwa tunawapa wanafunzi matini za kila aina: mikataba, maelezo ya dawa, mapishi na maelekezo ya vifaa. Muhula mmoja matini ilikuwa karatasi ya maelekezo ya darubini ndogo ya lenzi, ya aina ile inayosimamishwa juu ya miguu mitatu na ambayo wazazi huwanunulia watoto wao. Kazi ilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye aya iliyomshauri mtumiaji afunge kioo cha manjano ili kupunguza rangi zinazoonekana ukingoni mwa Mwezi. Hapo wanafunzi walianza kubishana. Mmoja alikuwa ameandika "kasoro ya rangi", mwingine "ukungu wa zambarau", na wa tatu "pindo la rangi". Huyu wa tatu alijitetea kwa kusema kwamba, kama vile leso ilivyo na mji na pindo, Mwezi nao katika darubini hiyo una mji mweupe na pindo la zambarau. Darasa lilimkubali, na mimi pia.

Lakini kabla kipindi hakijaisha mwanafunzi mmoja aliuliza: "Mwalimu, ikiwa kioo cha manjano kinaondoa kasoro hiyo, mbona mtengenezaji hakukiweka ndani tangu mwanzo?" Swali hilo halikuwa la lugha, na sikuwa na jibu la papo hapo. Nilipolitafuta nilikuta historia ya zaidi ya miaka mia tatu, yenye wataalamu waliokosea na watu wa kazi nyingine kabisa waliopatia. Makala haya yanakusudia kuieleza kwa ufupi, kwani naamini ina faida kwa mwalimu na mwanafunzi wa lugha vilevile.

Karne ya darubini ndefu

Neno darubini limetujia kutoka Kiajemi, ambamo "dur" ni mbali na "bin" ni kuona. Kifaa chenyewe kilijulikana Uholanzi mwaka 1608, pale Hans Lippershey, fundi wa miwani, alipoomba hati ya kumlinda kama mvumbuzi wake. Mwaka uliofuata Galileo Galilei alijitengenezea darubini yake huko Italia, na Januari 1610 akaona miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii.

Lenzi za wakati huo zilikuwa na matatizo mengi. Galileo aliziba kingo za lenzi yake ya mbele, akaacha sehemu ya katikati tu ipitishe nuru, kwa sababu hivyo taswira ilikuwa safi zaidi. Hata hivyo, kitu chochote king'aavu kiliendelea kuonekana kikiwa kimezungukwa na rangi. Hakuna aliyejua kwa hakika zilitoka wapi. Wengi walidhani kosa ni la umbo la lenzi, na kwamba fundi hodari angeweza kulirekebisha kwa kuisaga vizuri zaidi.

Dawa iliyopatikana kwa uzoefu ilikuwa urefu. Ukichukua lenzi mbili zenye upana sawa, moja ikikusanya miale karibu na nyingine ikiikusanya mbali, ile ya mbali hutoa taswira kubwa zaidi. Doa la rangi, kwa upande wake, hubaki karibu na ukubwa uleule, kwa sababu hutegemea upana wa lenzi. Kwa hiyo kadiri darubini inavyorefuka, ndivyo pindo linavyokuwa jembamba likilinganishwa na taswira yenyewe.

Basi darubini zikarefuka. Johannes Hevelius wa Danzig, mji ambao leo unaitwa Gdańsk, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1673 darubini ya futi 150, yaani kiasi cha meta 46, iliyoning'inizwa kwa kamba kwenye mlingoti. Christiaan Huygens wa Uholanzi aliliacha kabisa bomba: katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1684 lenzi iliwekwa juu ya mlingoti, naye mtazamaji akasimama chini akiwa na lenzi ya jicho mkononi, akiielekeza ile ya juu kwa uzi mrefu. Mwaka 1722 Mwingereza James Bradley alipima upana wa sayari ya Zuhura kwa lenzi ya futi 212. Hebu msomaji afikirie kazi ya kushika uzi wa urefu huo gizani, upepo ukivuma, huku nyota ikizidi kusogea.

Neno la Newton

Aliyeeleza chanzo cha rangi hizo ni Isaac Newton. Katika barua iliyochapishwa na Chama cha Kifalme cha London mwaka 1672, alionyesha kwamba nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi, na kwamba kila rangi hupinda kwa kiasi chake inapopita ndani ya kioo. Zambarau hupinda zaidi, nyekundu kidogo zaidi ya zote kutopinda. Kwa hiyo lenzi moja haina mahali pamoja pa kukusanyia miale. Zambarau hukutana karibu na lenzi, nyekundu mbali kidogo, na nyingine katikati. Jicho likiwekwa sawa kwa rangi mojawapo, nyingine hutawanyika pembeni. Hilo ndilo pindo, na fundi hawezi kuliondoa kwa kusaga lenzi hata awe hodari kiasi gani.

Hadi hapo Newton alikuwa sahihi. Kisha akapiga hatua moja zaidi. Aliamini kwamba katika kila kitu kinachopitisha nuru, kiasi cha kutawanya rangi hufuatana daima na kiasi cha kupinda miale. Kama ingekuwa hivyo, basi lenzi ya pili ambayo ingezirudisha rangi pamoja ingeifuta pia kazi ya lenzi ya kwanza, na darubini isingebaki na nguvu yoyote. Katika kitabu chake cha *Opticks* cha mwaka 1704 aliandika kwamba hakuna tumaini la kuboresha darubini za lenzi za urefu wa kawaida. Yeye mwenyewe alikwishahamia kwenye kioo cha kuakisi, ambacho hakitawanyi rangi, na darubini yake ya kwanza ya aina hiyo aliitengeneza mwaka 1668.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwa tayari mezani mwa watu, tena kwa maana halisi. Tangu miaka ya 1670 George Ravenscroft alikuwa akitengeneza London kioo chenye madini ya risasi kwa ajili ya bilauri na vyombo vya mezani. Kioo hicho hutawanya rangi kwa kiasi kikubwa kuliko kioo cha kawaida, hata pale vinapopinda miale kwa kiasi kinachokaribiana. Lakini baada ya Newton kusema haiwezekani, wataalamu wengi hawakuona haja ya kujaribu.

Wakili na mfumaji wa hariri

Aliyejaribu hakuwa mtaalamu wa nuru kwa kazi yake. Chester Moor Hall alikuwa mwanasheria wa Essex, Uingereza. Alitafakari juu ya jicho la binadamu, akaona kwamba lina majimaji na sehemu za aina mbalimbali, akahisi kwamba huenda mchanganyiko wa vitu viwili unaweza kurekebisha rangi. Dhana hiyo kuhusu jicho haikuwa sahihi, kwani jicho nalo lina kasoro ya rangi, ila lilimfikisha pazuri. Kufikia mwaka 1733 alikuwa amepata lenzi mbili za kuunganisha: moja ya kioo cha kawaida iliyotuna katikati, na nyingine ya kioo cha risasi iliyobonyea katikati. Ya pili ilifuta mtawanyo wa rangi bila kufuta nguvu yote ya ile ya kwanza.

Inasimuliwa kwamba Hall, akitaka kuficha siri yake, aliagiza kila lenzi kwa fundi tofauti. Mafundi wale wawili walikuwa na kazi nyingi, na kila mmoja akampelekea mtu yuleyule, George Bass, amsagie. Bass alipoona kwamba lenzi zote mbili ni za mteja mmoja na zinaingiana, aliziweka pamoja akaona matokeo. Hall hakuchapisha chochote, wala hakuomba hati ya uvumbuzi.

Mtu wa pili ni John Dollond, aliyezaliwa London mwaka 1706 katika familia ya wafumaji wa hariri waliokimbia mateso ya kidini Ufaransa. Naye alifuma hariri kwa miaka mingi, huku akijifunza hisabati kwa jitihada zake mwenyewe, hadi mwaka 1752 alipojiunga na mwanawe Peter katika duka la vifaa vya nuru. Leonhard Euler alipodai kwamba lenzi isiyotawanya rangi inawezekana, Dollond ndiye aliyejitokeza kumtetea Newton. Mswidi Samuel Klingenstierna naye akaonyesha mwaka 1754 kwamba hoja ya Newton ina kasoro. Safari hii Dollond hakuendelea kutetea. Mwaka 1757 alirudia jaribio la Newton kwa mikono yake, akitumia mche wa kioo na mche wa maji, akaona kwamba matokeo si yale yaliyoandikwa kitabuni. Mwaka 1758 alitangaza lenzi yake ya vioo viwili, akapewa hati ya uvumbuzi pamoja na nishani ya Copley ya Chama cha Kifalme.

John alifariki mwaka 1761. Mwanawe aliwashtaki mafundi waliotengeneza lenzi hizo bila idhini, nao wakajitetea kwamba Hall alitangulia. Mwaka 1766 mahakama ilimpa Peter ushindi. Hall alikuwa wa kwanza, ila aliyeuletea umma faida ni Dollond.

Tukipiga hesabu, kutoka *Opticks* hadi lenzi ya Dollond ni miaka 54. Sidhani kwamba ni haki kumlaumu Newton peke yake, kwani kila mtafiti hukosea. Waliokubali bila kupima walishirikiana naye katika kosa hilo. Nami hujiuliza ni mambo mangapi ambayo sisi walimu tumewaambia wanafunzi kuwa "Kiswahili hakiwezi kuyasema", nao wakaamini wasijaribu.

Zambarau iliyosalia

Lenzi ya Dollond iliifupisha darubini, lakini haikumaliza tatizo. Vioo viwili vinaweza kukutanisha rangi mbili mahali pamoja, kwa mfano nyekundu na buluu. Kijani na manjano hukutana mbele kidogo ya hapo, na zambarau hubaki nyuma, imetawanyika. Ndiyo maana hata darubini nzuri ya vioo viwili huonyesha mng'ao mwembamba wa zambarau kuzunguka Zuhura au nyota angavu kama Sirius.

Katika miaka ya 1880 Ernst Abbe na Otto Schott, huko Jena, Ujerumani, walitengeneza aina mpya za vioo. Mwaka 1886 Abbe alitoa lenzi za hadubini zenye madini ya floraiti, ambazo zilikutanisha rangi tatu. Njia hiyo ndiyo inayotumiwa hadi leo katika darubini za lenzi za bei kubwa. Kwa mnunuzi wa kawaida, ambaye hana fedha za vioo hivyo, ilibaki njia nyingine.

Kichujio chaingia kazini

Njia hiyo inaonekana wazi katika kazi iliyofanyika Marekani kwenye darubini ambayo haikuwa ndogo hata kidogo. Kituo cha Yerkes, katika jimbo la Wisconsin, kilifunguliwa mwaka 1897 kikiwa na darubini ya lenzi yenye upana wa sentimeta 102. Hadi leo hakuna darubini ya lenzi ya kituo cha kuchunguzia nyota iliyoipita kwa ukubwa. Lenzi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya jicho, na jicho letu linaona zaidi rangi za kijani na manjano. Mabamba ya kupigia picha ya enzi hiyo yalikuwa kinyume: yalishika hasa buluu na zambarau, yaani rangi zilezile ambazo lenzi ilizitawanya. Picha iliyopigwa hivyo ingekuwa na ukungu.

George Ritchey, mpiga picha za anga wa Yerkes, aliunganisha mambo mawili. La kwanza lilitokana na ugunduzi wa Hermann Vogel wa Berlin, ambaye mwaka 1873 alionyesha kwamba ukitia rangi fulani katika bamba, linaanza kushika kijani na manjano pia. La pili lilikuwa kichujio cha manjano kilichowekwa karibu kabisa na bamba, kikizuia buluu na zambarau zisipite. Kilichosalia ni zile rangi ambazo lenzi ilizikusanya vizuri. Mwaka 1900 Ritchey alieleza njia hiyo na matokeo yake, na picha zake za Mwezi zilisifiwa sana kwa usafi.

Tuangalie vizuri alichokifanya. Hakuigusa lenzi. Zambarau iliendelea kutawanyika kama kawaida, lakini haikufika kwenye bamba. Kichujio kilifanya kazi ileile ya chujio la chai: majani hayageuki kuwa maji, yanazuiwa tu yasiingie kikombeni.

Newton mwenyewe alikuwa ameikaribia hoja hiyo. Katika *Opticks* alieleza kwamba manjano na rangi ya machungwa ndizo zinazolichangamsha jicho kuliko nyingine zote, na kwamba kwa sababu hiyo kasoro ya lenzi haionekani kubwa kama hesabu inavyoonyesha. Kichujio kinaisaidia tu hali hiyo ya jicho kwa kuondoa rangi zilizo dhaifu.

Namba zinazotumiwa leo kwa vichujio zimetokana na Frederick Wratten, Mwingereza ambaye kampuni yake ilinunuliwa na Kodak mwaka 1912. Mtazamaji akisikia "namba 8" anajua ni manjano hafifu, namba 11 ni manjano ya kijani, namba 15 ni manjano iliyokolea, namba 25 ni nyekundu.

Katika darubini ndogo

Sasa tunaweza kurudi kwenye ile karatasi ya maelekezo. Darubini ndogo ya leo ina lenzi ya Dollond mbele, yaani vioo viwili. Ikiwa na upana wa milimeta 80 na urefu wa fokasi wa milimeta 1200, pindo lake ni dogo na wengi hawaligundui. Ikiwa na upana uleule lakini fokasi ya milimeta 400, ni rahisi kuibeba, na zambarau hujitokeza wazi kwenye ukingo wa Mwezi, Zuhura na Mshtarii. Kanuni iliyomlazimisha Hevelius asimamishe mlingoti bado inafanya kazi.

Kichujio cha namba 8 hufungwa kwa skrubu chini ya lenzi ya jicho. Hupunguza sehemu kubwa ya zambarau, na mashimo ya Mwezi huonekana kwa mistari iliyo wazi zaidi. Gharama yake ni kwamba Mwezi wenyewe hugeuka manjano, na rangi za mikanda ya Mshtarii hazionekani tena kama zilivyo. Kuna vichujio vya kisasa vinavyozuia zambarau peke yake na kuacha rangi nyingine karibu zote zipite. Hivi haviigeuzi taswira sana, ila bei yake ni kubwa zaidi. Kwa nyota hafifu na mawingu ya nyota kichujio hakihitajiki, kwani huko pindo halionekani na kila chembe ya nuru ina thamani.

Asiye na kichujio anaweza kufanya kama Galileo: akate duara la karatasi ngumu lenye tundu katikati, aliweke mbele ya lenzi. Lenzi ikiwa nyembamba zaidi, pindo hupungua. Mifuniko ya darubini nyingi ndogo tayari ina kitundu cha namna hiyo. Hapa pia hulipwa gharama, kwa kuwa nuru hupungua na mambo madogomadogo hupotea.

Tahadhari moja isisahaulike: vichujio hivi vya rangi si vya kutazamia Jua. Anayeelekeza darubini kwenye Jua akiwa na kichujio cha manjano anaweza kupofuka papo hapo.

Hitimisho

Jibu la mwanafunzi wetu, basi, ni hili. Mtengenezaji hakukiweka kichujio ndani kwa sababu kichujio si tiba ya lenzi. Kinaficha kasoro kwa kutupa sehemu ya nuru, na ni haki ya mtazamaji kuamua lini yuko tayari kulipa gharama hiyo. Usiku huu anatazama Mwezi, atakifunga. Kesho anataka kuona rangi za Mshtarii, atakifungua.

Kuhusu istilahi, napendekeza tuendelee na "pindo la rangi". Neno hili halihitaji maelezo marefu kwa yeyote aliyewahi kuona leso, na linasema kweli kuhusu jambo lenyewe, kwani rangi hizo ziko ukingoni. Kwa kifaa, "kichujio" kinatosha, maana kinabeba ndani yake kitenzi kinachoeleza kazi yake. Wenzetu wa vyuo vingine wenye maneno bora wasisite kutuandikia.

La mwisho ni kwa wanafunzi. Aliyesahihisha neno la Newton hakuwa na shahada. Alikuwa mfumaji wa hariri ambaye kwanza alimtetea mkubwa wake, kisha akachukua miche miwili na kwenda kupima mwenyewe. Mwalimu wenu akiwaambia kwamba jambo fulani haliwezekani, msikilizeni kwa heshima, kisha mkapime.